Somo la Vitendo Lisilogeuka Vurugu: Mwongozo Kamili wa Jaribio la Pendulamu Darasani

Walimu wengi wanaoniandikia wana kisa kimoja. Waliandaa somo la vitendo, wanafunzi wakachangamka, darasa likavuma kama mzinga wa nyuki, kengele ikalia. Wiki iliyofuata wakatoa zoezi, na madaftari yakarudi yamejaa majibu ya kubahatisha.

Kwa wengine mambo huharibika mapema zaidi. Kila kundi linapata jibu lake, matatu yanasema uzito mkubwa unabembea polepole, manne yanakataa, na mwalimu anaishia kuandika jibu ubaoni ili yaishe. Siku hiyo wanafunzi hujifunza jambo moja tu: vipimo vyao si kitu, jibu la kweli analo mwalimu.

Mimi pia yamenikuta. Mara ya kwanza niligawa nati na nyuzi kabla sijasema neno. Nilipogeuka kuandika swali ubaoni, wavulana wawili walikuwa wameshazigeuza teo.

Kosa haliko kwenye vifaa wala kwenye utundu wa watoto. Liko kwenye mpangilio: mikono inapewa kazi kabla kichwa hakijapewa swali. Hapa tutachukua jaribio moja, la pendulamu, tulipitie toka kukata uzi mpaka kuhesabu nati za kurudisha. Pendulamu ni kitu chochote kizito kilichofungwa kwenye uzi kikaachwa kibembee. Nimeichagua kwa sababu ni rahisi kuipata, haimuunguzi mtu, na inaadhibu uzembe papo hapo. Somo linawafaa zaidi watoto wa miaka 11 hadi 14, na linahitaji dakika 80 hivi. Ukiwa na kipindi cha dakika 40, ligawe siku mbili na ukate baada ya Hatua ya 6.

## Vifaa

Kwa kila kundi la wanafunzi wanne:

- Uzi wa pamba au katani, sentimita 90. Usitumie nailoni wala uzi unaovutika. Ukining'iniza nati nne, uzi wa namna hiyo unarefuka bila mtu kuona, na urefu ndio kitu kinachobadilisha kila kitu katika jaribio hili.
- Nati nne zinazolingana. Ukikosa nati, kitu chochote kizito chenye tundu kitafaa, mradi vyote viwe sawa.
- Klipu moja ya karatasi, ikunjuliwe iwe ndoana.
- Kibanio cha nguo kimoja na utepe wa gundi.
- Rula au tepu ya kupimia.
- Stopuwachi, simu, au saa ya mkononi yenye mshale wa sekunde.
- Karatasi moja yenye sehemu tatu: utabiri, jedwali, na miraba ya kuchorea grafu.

Kwa mwalimu: pendulamu moja ndefu yenye urefu wa mita 1 kamili, itundikwe mahali darasa zima linaweza kuiona (fremu ya mlango inatosha), na chaki za rangi mbili. Weka pia nati tano za akiba. Kuna moja itakayobiringika chini ya kabati, amini usiamini.

## Hatua ya 1: Lifanye mwenyewe jana yake

Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote. Mwalimu anasema, "Nalijua, nililifanya chuoni." Chuoni hukutumia nati hizi, uzi huu, wala dawati hili linaloyumba.

Kaa dakika ishirini, funga pendulamu, pima muda wa mibembeo kumi kwa kila urefu. Mbembeo mmoja ni kwenda na kurudi: nati inaondoka upande wa kushoto, inafika kulia, inarudi kushoto. Pima urefu kuanzia mahali kibanio kinapobana uzi hadi katikati ya nati. Usiishie kwenye fundo.

Matokeo yako yawe karibu na haya:

| Urefu wa uzi | Muda wa mibembeo 10 |
|---|---|
| sm 15 | sekunde 7.8 |
| sm 30 | sekunde 11.0 |
| sm 45 | sekunde 13.5 |
| sm 60 | sekunde 15.5 |
| sm 100 | sekunde 20.1 |

Namba hizi hazibadiliki kwa namna utakayoiona darasani, uwe nyanda za juu au ufukweni, kwenye ikweta au karibu na ncha ya dunia. Nguvu ya mvutano wa dunia inatofautiana kidogo kati ya sehemu hizo, lakini tofauti hiyo inagusa muda wa mbembeo kwa chini ya asilimia 1. Kwa hiyo ukipata sekunde 12 kwenye sentimita 30, usilaumu jiografia. Rudi ukapime uzi.

Utajua umefaulu ukipima kila urefu mara tatu na vipimo vitatu visipishane zaidi ya sekunde 0.3. Kama hufiki hapo wewe, wanafunzi hawatafika.

## Hatua ya 2: Makundi na kazi, mezani kusiwe na kitu

Panga makundi ya watu wanne. Watano wanavumilika. Wa sita ni mtazamaji, na mtazamaji hutafuta kazi yake mwenyewe, ambayo kwa kawaida si fizikia. Kama vifaa havitoshi makundi yote, ni heri nusu ya darasa ichore grafu ya jambo jingine wakati nusu inapima, kisha wabadilishane, kuliko kuwabana watoto tisa kwenye uzi mmoja.

Kila mmoja apewe kazi yenye jina:

- Mwachiaji anavuta nati na kuiachia.
- Mhesabuji anahesabu mibembeo kwa sauti.
- Mpima muda anaanzisha na kusimamisha saa.
- Mwandishi anajaza jedwali, na ndiye pekee anayeruhusiwa kuja kwa mwalimu kuuliza.

Hilo la mwisho linaonekana dogo, lakini litakuokoa. Darasa la wanafunzi 48 lina waandishi kumi na wawili tu, kwa hiyo huzingirwi na watu arobaini wanaoita "Mwalimu! Mwalimu!" kwa pamoja.

Kazi zizunguke kila urefu au uzito unapobadilishwa, wala zisibadilishwe katikati ya kipimo. Mwanafunzi asiyeona vizuri anaweza kuwa mpima muda bora kuliko wote, kwa kuwa kazi hiyo inategemea sikio: anafuata mdundo wa mhesabuji. Asiyesikia vizuri apewe uachiaji au uandishi, na mhesabuji amwoneshe namba kwa vidole.

Mpaka hapa meza ziko tupu. Vifaa bado viko sandukuni, sanduku liko chini ya meza yako, limefungwa.

## Hatua ya 3: Swali, kisha utabiri kwa kalamu

Simama kando ya pendulamu yako ndefu. Iachie ibembee, darasa likae kimya kidogo likiitazama. Halafu uliza:

*Tukitaka ibembee haraka zaidi, tubadilishe nini?*

Watataja mengi: kuongeza uzito, kuupunguza, kufupisha uzi, kuvuta mbali zaidi, kusukuma kwa nguvu. Yaandike yote ubaoni bila kuyahukumu. Kisha chagua matatu ya kupima leo: uzito, umbali wa kuvuta, na urefu wa uzi.

Sasa kila mwanafunzi, peke yake, aandike utabiri wake kwa kalamu ya wino. Uzito ukiongezwa, muda utapungua, utaongezeka, au utabaki vilevile? Kuvuta mbali je? Uzi mrefu je? Na ajibu pia swali la "kwa nini", hata kwa maneno matano.

Nasisitiza wino kwa sababu penseli hufutika. Watoto wana haya ya kukosea, na matokeo yakija wengi watafuta utabiri na kuandika kile "walichokijua tangu mwanzo". Basi umepoteza somo lenyewe. Anayekumbuka jaribio hili mwakani ni yule aliyeandika kwa wino kwamba nati nne zitakimbia kuliko moja, kisha akaona kwa macho yake zikigoma.

Wapigishe kura kwa mikono, uandike hesabu ubaoni. Mara nyingi walio wengi husema uzito una athari. Usitabasamu, usikohoe, usifanye chochote cha kuwadokezea. Watoto wanausoma uso wa mwalimu haraka kuliko wanavyosoma kitabu.

Utajua umefaulu ukisikia ubishi wa chinichini, "wewe subiri uone". Kama kuna kimya, swali halijawaingia. Liulize tena kwa namna nyingine.

## Hatua ya 4: Fundisha kuhesabu kabla ya kupima

Hapa ndipo majaribio mengi yanapofia, na yanakufa kimyakimya.

Kosa la kwanza ni kuanza kuhesabu kwa *moja*. Mwanafunzi anaachia nati, anasema "moja" papo hapo, na akifika "kumi" saa inasimamishwa. Amepima mibembeo tisa. Kwenye uzi wa sentimita 30 atapata sekunde 9.9 badala ya 11.0, na ataapa kwamba amefika kumi. Kweli amefika kumi, ila alianza mahali pabaya.

Dawa yake ni *sifuri*. Nati ibembee kwanza mara mbili tatu ili itulie. Kila inaporudi upande wa kuanzia, mhesabuji aseme kwa mdundo: "Tatu... mbili... moja... sifuri... moja... mbili..." Saa ianze kwenye "sifuri", isimame kwenye "kumi". Faida iko mara mbili: namba inakuwa sahihi, na mpima muda hashtuki, kwani mdundo umeshamwambia "sifuri" inakuja lini.

Kosa la pili ni kuhesabu kila upande kama mbembeo kamili. Anayefanya hivyo atapata nusu ya muda, sekunde 5.5 hivi kwa sentimita 30.

Fanyeni mazoezi darasa zima kwa pendulamu ya mita 1. Ina mwendo wa kistaarabu: inachukua karibu sekunde moja kwenda na sekunde moja kurudi, kwa hiyo hata mzito wa kuhesabu ataufuata. Wahesabu kwa pamoja kwa sauti, nawe ushike saa. Mkipata karibu sekunde 20, rudieni mara moja, kisha msonge mbele. Mkipata 18, mtu ameanza na "moja". Mwacheni agundue mwenyewe.

Mwanafunzi mwerevu atauliza: kwa nini mara kumi, tusipime mbembeo mmoja tu? Kama hakuna anayeuliza, uliza wewe. Mkono wa binadamu huchelewa kiasi cha sekunde 0.2 kuitikia kile jicho limeona. Mbembeo mmoja wa sentimita 30 unachukua sekunde 1.1, kwa hiyo kuchelewa huko ni karibu moja ya tano ya kipimo chote. Ukipima mibembeo kumi, kuchelewa ni kulekule kwa sekunde 0.2, lakini sasa kumegawanywa kwa kumi. Acha wafanye hesabu hiyo wenyewe kwenye pembe ya karatasi.

## Hatua ya 5: Gawa vifaa, fungeni

Sasa fungua sanduku. Waandishi peke yao waje kuchukua, wahesabu mbele yako: nati nne, klipu moja, kibanio kimoja, uzi mmoja. Mwandishi atie sahihi. Usiione kama urasimu. Mtoto aliyetia sahihi hatupi nati dirishani.

Mpangilio wa kufunga:

1. Bandika kibanio kwenye ukingo wa meza kwa utepe, mdomo ukitazama nje. Zungusha utepe mara mbili. Kibanio kikicheza, uzi unayumba na juu pia, na vipimo vinaparaganyika.
2. Funga klipu iliyokunjwa kwenye ncha ya uzi.
3. Tundika nati moja.
4. Bana uzi ili toka kibanioni hadi katikati ya nati iwe sentimita 30.
5. Jaribu kubembeza. Nati isiguse mguu wa meza wala goti la mtu.

Nimependekeza kibanio badala ya kufunga uzi kwenye penseli kwa sababu ya Hatua ya 8. Kubadili urefu kwa kibanio ni kazi ya kufumba na kufumbua, ilhali kufungua fundo na kulifunga upya kunakula dakika nne, na kila fundo jipya linakuja na urefu wake.

Onyo: meza ikiwa fupi, wasilete viti juu ya meza wenyewe. Wapeleke dirishani au kwenye fremu ya mlango. Na tangaza mapema kwamba nati inayozungushwa hewani inarudi sandukuni, na kundi lake linasimamishwa kazi. Tangaza mara moja, na ukiliona litekeleze mara moja.

## Hatua ya 6: Uzito

Pimeni muda wa mibembeo kumi kwa nati moja, mara tatu. Kisha kwa nati nne, mara tatu. Urefu ubaki sentimita 30, na umbali wa kuvuta ubaki uleule: usizidi theluthi ya urefu wa uzi, yaani sentimita 10.

Katika vipimo vitatu, mwandishi azungushie kile cha kati kwa ukubwa. Vitabu vingi vinataka wastani, lakini kwa watoto napendelea cha kati. Mtu mmoja akichelewa kubonyeza saa, wastani unavutwa pembeni, cha kati hakitikisiki.

Kuna mtego hapa, na huu ndio unaogawa darasa katika kambi mbili.

Mwanafunzi akiambiwa aongeze nati, mkono wake wenyewe utafunga ya pili *chini ya* ya kwanza, ya tatu chini ya ya pili, kama mnyororo. Kumbe kila nati inashusha katikati ya mzigo. Mnyororo wa nati nne unaweza kuishusha sentimita 3 bila uzi kuguswa. Pendulamu ya sentimita 30 imekuwa ya 33, na mibembeo kumi imetoka sekunde 11.0 ikawa 11.5. Kundi litakuja kwako kwa furaha: "Mwalimu, nzito inakwenda polepole!" Wamepima vizuri kabisa. Ila hawakupima uzito, wamepima urefu wakidhani ni uzito.

Kwa hiyo nati zote ziingie kwenye ndoana moja, zikae ubavu kwa ubavu, na urefu *upimwe upya* baada ya kuongeza. Waambie sheria, lakini kundi moja likiteleza usiwahi kulirekebisha. Lilinde. Utalihitaji sasa hivi.

Chora ubaoni mstari wa namba kuanzia sekunde 10 hadi 12. Kila mwandishi aje kuweka nukta mbili: chaki nyeupe kwa nati moja, chaki ya rangi kwa nati nne. Mkishamaliza, rudini nyuma mtazame. Nukta nyeupe zitakuwa zimetapakaa, labda toka 10.8 hadi 11.2, na za rangi zimetapakaa palepale, zimechanganyikana. Uliza: *Kama hamkuona nikibadilisha chaki, mngeweza kusema zipi ni za nati nne?*

Ninalithamini swali hilo kuliko yote katika somo hili. Makundi mawili yaliyopima kitu kilekile yanapishana kuliko nati moja inavyopishana na nati nne. Basi tofauti ndogo iliyoonekana katika kundi moja ni ya mikono, si ya uzito. Mtoto akilielewa hilo, amejua jambo ambalo watu wazima wengi wanaosoma takwimu hawalijui.

Kisha geukia ile nukta ya rangi iliyojitenga kwenye 11.5. Usiseme wamekosea. Waite wenyewe walete pendulamu yao mbele, iwekwe kando ya nyingine, darasa litafute tofauti kwa macho. Kwa kawaida halimalizi dakika moja kabla mtu hajapaza sauti: "Yao ni ndefu!"

Ndipo ueleze sababu, kwa ufupi: kitu kizito kinavutwa chini kwa nguvu zaidi, kweli, lakini pia ni kigumu zaidi kusogezwa. Ukubwa wa mvuto na ugumu wa kusogea vinaongezeka sawasawa, hakuna kinachomshinda mwenzake.

## Hatua ya 7: Umbali wa kuvuta

Hii ipite haraka. Nati moja, sentimita 30, vuta sentimita 5 upime, kisha vuta sentimita 10 upime. Muda hautatofautiana kwa kiasi ambacho saa za mkononi zinaweza kukamata.

Kutakuwa na kundi lililovuta mpaka uzi ukakaribia kulala. Hao wataona muda umeongezeka, na hawajakosea: nati ikivutwa hadi pembe ya digrii 60 toka wima, muda huongezeka kwa asilimia 7 hivi, sekunde 11.0 zikawa karibu 11.8. Wape haki yao mbele ya wenzao, kisha kanuni ya theluthi ibaki kama ilivyo.

## Hatua ya 8: Urefu

Nati moja. Sentimita 15, 30, 45, 60. Kazi zizunguke kila urefu unapobadilika, ili kila mtu aguse saa mara moja.

Kila mara mwandishi apime toka kibanioni hadi katikati ya nati *baada ya* kubana, kwa sababu uzi huteleza kidogo kibanio kinapofunga. Ukipita mezani, usiulize "mmefika wapi?" Uliza "mnatarajia ngapi kwenye sitini?" Wengi watasema 22, kwa kuwa urefu umeongezeka mara mbili toka 30. Waandike hiyo 22, kisha wapime. Watapata 15.5 na kukunja nyuso.

Ukiona namba za ajabu, tumia jedwali hili badala ya kubahatisha. Ni kwa sentimita 30:

| Wamepata | Tafuta hili kwanza |
|---|---|
| 5.5 | wanahesabu kila upande |
| 9.9 | wameanza na "moja" |
| 11.5 | wamepima hadi fundo, au nati zimening'inia mnyororo |
| 11.8 | wanavuta mbali mno |
| kila mara namba nyingine | kibanio kinacheza, au uzi unateleza |

## Hatua ya 9: Grafu na changamoto

Urefu kwenye mhimili wa mlalo, muda kwenye mhimili wa wima. Waweke nukta nne, kisha waziunganishe kwa mkono, bila rula. Rula itawalazimisha kuona mstari mnyoofu, na hapa hakuna mstari mnyoofu: mchoro unapanda kwa kasi, halafu unaanza kulala.

Waelekeze macho kwenye 15 na 60. Urefu umezidishwa mara nne, muda umezidishwa mara mbili tu. Kwa walio tayari kusikia sababu: ukivuta nyuzi zote mbili kwa pembe moja, nati zote zinaanza kuteleza kwa mchapuko uleule (yaani kasi yao inaongezeka kwa kiwango kilekile), ila ya uzi mrefu ina njia ndefu mara nne. Na kitu kinachoendelea kuchapuka kinahitaji muda mara mbili tu kumaliza njia mara nne. Wasioelewa leo wasibanwe. Grafu wanayo.

Sasa changamoto, nayo ndiyo mtihani wenyewe:

*Tengenezeni pendulamu itakayobembea mara kumi kwa sekunde kumi kamili. Someni urefu kwenye grafu yenu, baneni uzi, mniite. Mna jaribio moja tu.*

Hilo "moja tu" ndilo linalowarudisha kwenye grafu. Ukiwaruhusu kujaribu mara nyingi, watasogeza uzi juu na chini mpaka wapate, na grafu itabaki pambo. Jibu ni sentimita 25. Kundi lililochora vizuri litakuambia kati ya 24 na 26, na saa itasoma baina ya 9.8 na 10.2.

Kundi litakaloshindwa lisipewe jibu. Litazame grafu tena, liseme nukta ipi linaitilia shaka, na liipime upya hiyo moja.

## Hatua ya 10: Rudi kwenye wino

Dakika tano za mwisho, mikono mitupu. Kila mwanafunzi, peke yake, arudi kwenye utabiri wake na aandike chini yake sentensi mbili: nilidhani nini, na kipimo gani kilinibadilisha au kuniunga mkono. Ataje namba. "Nimejifunza kwamba uzito hauna athari" haitoshi. "Nati moja 11.0, nati nne 11.1, na kundi la jirani lilipishana nasi kwa zaidi ya hapo" inatosha.

Hizo ndizo sentensi za kusahihisha. Jedwali lilijazwa na mwandishi, grafu labda ilichorwa na mmoja, ila sentensi hizi ni za kila mtu na zitakuonesha nani alikuwepo kwa akili na nani kwa mwili.

## Sanduku likizunguka shule za wilaya

Shule jirani zikitaka kulitumia, msinunue kila moja la kwake. Sanduku moja la makundi kumi na mawili linaweza kuhudumia shule kadhaa kwa zamu, wiki moja kila shule, ila liwe na mtu mmoja mwenye jina anayelipokea na kulikabidhi. Sanduku la "wote" hupotea mwezi wa kwanza.

Vifaa vya kila kundi viwe kwenye mfuko wake wenye namba. Ndani ya kifuniko bandika orodha ya kuhesabia na jedwali la matokeo la Hatua ya 1. Weka pia daftari dogo ambamo kila mwalimu, kabla ya kulifunga, anaandika mistari mitatu: nati ngapi zimepungua, uzi umebaki mita ngapi, na darasa lake lilikwama hatua ya ngapi.